Kadi tatu kutoka kwenye kopo la biskuti

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa, ila huu ni mwaka wa kumi na tisa niko Dar es Salaam. Tulipoanua matanga ya baba tulifungua kopo lake la biskuti, tukakuta postikadi na picha kumi na nne. Nimekutumia tatu. Ninataka kuandika historia ya mji wetu kwa ajili ya wanangu, ambao Iringa wanaijua kwa misiba na baridi tu. Nianzie wapi? Miaka ya picha nitaijuaje? Na maneno ya wazee niyaamini kiasi gani? Shangazi yangu ana miaka themanini na kitu, na kila nikimuuliza simulizi inabadilika.*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Na kamwene pia, maana umesema ni wa Kihesa.

Kabla ya miaka na wazee, tuanze na kopo lenyewe. Naomba iwe hujazipanga upya. Mtu anayeweka vitu kwenye kopo kwa miaka mingi ana mpango wake anaoujua mwenyewe: cha juu kabisa huenda ndicho alichokitazama mwisho, na vilivyofungwa kwa uzi mmoja vina undugu hata kama wewe huuoni. Kama zimeshachanganyika, kaa na ndugu zako mliofungua nao mkumbushane, mwandike. Kisha kila moja uipe namba mgongoni, pembeni kabisa, kwa penseli laini. Usitumie kalamu ya wino, na tafadhali sana usitumie selotepu. Katika kazi hii nimeona picha zilizoharibiwa na selotepu nyingi kuliko zilizoliwa na mchwa. Zitie kwenye bahasha za karatasi, maana mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani, na huko Dar unyevu mnao wa kutosha.

Halafu skani pande zote mbili. Kadi ya Wajerumani na ile ya babu umenitumia pande zote, lakini ile ya barabara ya maduka umenitumia uso peke yake. Mgongo wa kadi ni nusu ya habari, wakati mwingine zaidi ya nusu.

Sasa tuitazame ya kwanza, ile yenye jengo la boma, bendera, na askari waliosimama mstari. Chini yake pamechapwa "Iringa, Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, na maandishi ya mkono yameizunguka picha pande zote hadi yamepanda kwenye mawingu. Umeuliza mwandishi alikuwa na haraka gani ya kuchafua picha nzuri namna ile. Hakuwa na pa kuandika. Posta ya Ujerumani hadi 1905 ilitaka mgongo wa kadi uwe wa anwani peke yake, salamu utajua mwenyewe pa kuzibana. Mwaka huo ndipo waliporuhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, kushoto salamu na kulia anwani. Waingereza walikuwa wameshafanya hivyo tangu 1902. Mgongo wa kadi yako hauna mstari, kwa hiyo ilichapwa kwa sheria ya zamani.

Sogea kwenye stempu. Ni ya kijani, ina meli, na imeandikwa heller 4. Meli hiyo ni Hohenzollern, jahazi la kifahari la Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na ilianza kuonekana kwenye stempu za koloni hili mwaka 1901. Lakini stempu za mwanzo zilihesabu kwa pesa, kwa kuwa rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye rupia ikagawanywa kwa heller 100, na stempu za heller zikatoka 1905. Umeona kilichotokea? Kadi ni ya kabla ya 1905 na stempu ni ya 1905 au baadaye. Mwenye duka alikuwa na kadi za zamani kwenye rafu na hakuzitupa. Picha, bila shaka, ni ya zamani kuliko vyote viwili. Muhuri wa posta unakwambia kadi iliondoka lini. Siku ya kupigwa picha haumo humo, na watu wengi huteleza hapo: wanasoma tarehe ya muhuri kisha wanaandika chini ya picha "Iringa mwaka 1907" kama vile walikuwepo.

Kwa upande wa pili una ukuta mwingine wa kuegemea. Wajerumani walijenga kituo kwenye kilima hiki mwaka 1896 chini ya Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Kalenga, makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa imevunjwa tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa mwenyewe alikuwa bado anapigana porini hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo picha yako imepigwa baada ya 1896 na kabla ya 1905. Mji mnaouona hapo haujatimiza hata miaka kumi, na wale askari waliosimama mstari hawakusimama kwa ajili ya sherehe.

Kuna jambo la jina ambalo litakuokoa na makosa. Iringa linatokana na *lilinga*, ngome kwa Kihehe, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga. Wajerumani walihamishia jina kilimani, wakabaki na Iringa mbili, ya kale na mpya. Ukikuta kadi imeandikwa "Alt-Iringa" usihangaike kuitafuta karibu na soko kuu. Panda gari la Kalenga. Hali ni hiyo hiyo kule Rungwe: "Neu-Langenburg" ndiyo Tukuyu, na Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nimeshuhudia mtu wa Tukuyu akibishana kwa saa nzima kwamba picha fulani si ya kwao kwa sababu ina ziwa. Alikuwa na haki, jina ndilo lilihama.

Swali ambalo hukuniuliza ndilo lililonikosesha usingizi: kadi hii ilitumwa Ujerumani, anwani inasoma hivyo. Ilirudije hadi Kihesa? Umesema mzee alifundisha shule ya misheni, basi inawezekana mgeni alimletea zawadi. Lakini nimeikuza skani yako nikaona meno ya stempu hayana kivuli hata kidogo. Chukua kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea Biblia, utazame stempu na muhuri. Ukiona vitone vidogo vidogo vimetapakaa kila mahali, kwenye picha, kwenye stempu na hata kwenye wino wa mwandiko, basi una nakala iliyochapwa miaka ya karibuni. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa stempu. Stempu ya kweli itaukwaza ukucha. Ikiwa ni nakala usisononeke. Dalali wa vitu vya kale hatakupa kitu, lakini boma ni lile lile na askari ni wale wale, na ushahidi wa mstari na heller unabaki kama ulivyo.

Kioo hicho hicho kitumie kwa zote kumi na nne. Picha halisi ya maabara, iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha, haina vitone. Weusi wake unayeyuka taratibu kuwa weupe. Kadi iliyochapwa kiwandani ina vitone au chembe. Tofauti hii si ya kujionyesha utaalamu. Ya kiwandani ilichapwa kwa mamia, na huenda ipo kwenye hifadhi fulani ikiwa na maelezo. Ya maabara huenda iko moja tu duniani, na hiyo moja ilikuwa kwenye kopo la biskuti la baba yako.

Kwa kadi za wakati wa Wajerumani huna haja ya kusafiri. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinahifadhi mkusanyo wa picha wa ile jumuiya yao ya kikoloni, makumi ya maelfu ya picha, na zinatazamwa bure kwenye intaneti. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ina picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyezunguka sana koloni hili. Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani kimekusanya picha za wamisionari, zikiwemo za Wamoraviani waliofika Rungwe 1891. Siri ya kutafuta humo ni tahajia. Ukiandika Iringa utapata chache. Andika pia Uhehe, Wahehe, Ubena, na kwa upande wa Unyakyusa andika Konde, maana ndivyo Wajerumani walivyoita. Kwa picha za Tosamaganga wakumbuke Wabenediktini Wajerumani walioanza, kisha Wakonsolata wa Italia waliofika baada ya Vita ya Kwanza. Picha za hao wa pili zimekwenda Italia.

Neno moja la tahadhari juu ya maelezo ya chini ya picha. Mzungu ana jina na cheo. Mwafrika ni "mwenyeji", "askari", "mwanamke wa Kihehe". Na kuna kadi za minyororo, watu wamefungwa shingoni foleni nzima, zilizouzwa kama kadi nyingine yoyote na kutumiwa shangazi wa Berlin pamoja na salamu za Krismasi. Ukikutana nazo usizirushe kwenye kundi la familia asubuhi bila neno. Iringa ina mtaa unaoitwa Kitanzini, na wazee wa mjini watakueleza kitanzi gani.

Kadi ya pili, barabara ya maduka. Hapa sina mgongo wake kwa hiyo nitasema ninachokiona. Maduka yenye varanda na nguzo, lori moja limeegeshwa, mti mchanga umezungushiwa fito usiliwe na mbuzi, na upande wa kulia, ukikatwa na ukingo wa kadi, mnara wenye saa. Huo mnara ni wa msikiti wa Ismailia, nina hakika. Saa inasoma saa nne na robo na vivuli ni vifupi kidogo, kwa hiyo ni asubuhi kweli, saa haikuwa mbovu. Anza na mnara. Nenda kwa jumuiya yenyewe uulize tarehe ya kumalizika kwa jengo. Majengo ya ibada karibu siku zote yana tarehe yake, iwe ukutani au kwenye daftari. Picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Umepata sakafu. Dari utaipata kwa mgongo: kama kuna stempu, angalia jina la nchi. "G.E.A." iliyopigwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda ni ya miaka ya mwanzo ya Mwingereza. Kichwa cha twiga na neno Tanganyika kilitoka 1922. Nchi tatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, ni kuanzia 1935. Ukiona Tanzania imeingia mahali pa Tanganyika, muungano umeshapita. Kama haina stempu, soma jina la karatasi, Kodak au Velox au Agfa, uniandikie pamoja na umbo la kile kisanduku kilichochapwa pa kubandika stempu. Na umbo hilo lichore kwa mkono jinsi lilivyo, usinipigie simu kunieleza.

Ule mti mchanga ndio hazina. Kama ni mjakaranda, na kama bado umesimama, unaweza kuwa ndio ule unaomwaga maua ya zambarau kwenye magari ya watu kila Oktoba. Nenda usimame aliposimama mpiga picha. Nasema hivi kwa maana kamili: shika kadi mkononi, panga ukingo wa paa na mnara hadi vikae kama kwenye picha, rudi hatua mbili nyuma, songa kushoto. Ukifika mahali penyewe mwili utakuambia. Kisha geuka. Tazama alichokuwa amekipa mgongo.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, kwa kadi zote. Mpiga picha wa kadi alikuwa anauza. Alipiga boma, kanisa, soko, barabara pana, mandhari ya mji kutoka juu ya jiwe la Gangilonga, kwa kuwa ndivyo vilivyonunuliwa. Iringa ya baba yako ilikuwa nyuma ya mgongo wake: Mlandege, Makorongoni, Miyomboni, njia za kushuka hadi Ruaha Mdogo. Majina hayo yenyewe yanakueleza ardhi ilivyokuwa kabla ya mabati. Makorongoni palikuwa na makorongo, Miyomboni palikuwa na miyombo. Sijawahi kuona postikadi ya Makorongoni, na nimeona postikadi nyingi. Sehemu hiyo ya mji iko vichwani mwa watu, na shangazi yako ni mmoja wao.

Sasa tuje kwa shangazi.

Unasema simulizi yake inabadilika kila siku. Nina shaka kwamba linalobadilika ni swali lako. Wewe unamuuliza "shangazi, hii ilikuwa mwaka gani?" na yeye, kwa kukuheshimu, anakupa mwaka. Kesho anakupa mwingine. Mama aliyezaliwa zama zile hakuishi kwa kalenda ya ukutani. Muulize: ilikuwa kabla ya kichwa kurudi au baada? Mtu wa Iringa wa umri wake atajua papo hapo ni kichwa gani. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Bremen mwaka 1954 na Gavana Twining, likapokewa Kalenga na Chifu Adam Sapi, mjukuu wake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umewapa Wajerumani miezi sita kulirudisha. Ikapita miaka thelathini na mitano. Siku hiyo ni mwamba, kila mtu wa rika lile anajua alikuwa wapi au mama yake alikuwa wapi.

Miamba mingine ya huku kwetu: vita ya Hitler, na wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa Ifunda wakati huo. Uhuru. Azimio la Arusha. Ujenzi wa barabara ya lami ya kwenda Zambia. Mwaka wa kuhamia vijijini, ambao kwa wengi ni 1974. Vita ya Kagera, kisha miaka ya foleni za sabuni. Kwa mtu wa Mbeya ongeza dhahabu ya Lupa, ambayo ndiyo iliyouzaa mji wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1920, na Wachina wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Mpe shangazi miamba miwili, akae katikati yake anapoona sawa. Utashangaa anavyolenga.

Usimpe simu aangalie picha. Kile kioo kinang'aa, vidole vinateleza, picha inakimbia, naye anaona aibu kusema haoni. Kachapishe kubwa, karatasi nzima ya A4, nyeusi na nyeupe. Nenda na sukari na sabuni kama mtoto mwenye adabu, msalimie mpaka salamu ziishe, mle. Picha itoke baadaye, iwekwe mezani bila neno. Nyamaza. Nakuomba unyamaze kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Watu wa mjini mna ugonjwa wa kujaza kimya.

Akianza, muulize mambo ya mguu na mkono. Maji mliteka wapi? Kutoka hapa hadi sokoni mlipita njia gani, na mtoto wa kike alikatazwa kupita wapi? Basi la relwe lilisimama upande gani? (Shirika la reli liliendesha mabasi hadi nyanda hizi ambako reli haikufika, na wazee bado wanaliita hivyo.) Duka hili lililoko mwanzo, mlinunua nini humo na nini mlikiangalia tu? Kumbukumbu ya mwili haidanganyi sana. Inayoyumba ni ile ya mambo makubwa, kwa sababu hiyo imesikilizwa redioni na kusomwa darasani mara nyingi hadi mtu hajui tena kipi alikiona. Shangazi akianza kukueleza vita ya Lugalo kwa maneno yaliyonyooka kama kitabu, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyeitwa Nyundo, na kadhalika, msikilize kwa heshima, kisha muulize polepole: "Hili ulilisikia kwa nani, shangazi?" Akisema shuleni, sawa, andika shuleni. Akisema kwa bibi yake aliyekuwa anasuka mkeka huku analia, zima feni, sogeza simu ya kurekodia karibu. Kwa ruhusa yake, lakini.

Wazee wawili wakipingana usimchague mmoja. Miaka ya nyuma nilikaa na mababu wawili juu ya kadi ya eneo la soko. Mmoja alisema mti mkubwa uliokuwa pale ulikatwa kabla ya Uhuru, yeye alibeba kuni zake. Mwingine akaapa kwamba siku ya Uhuru alikuwa juu ya mti huo huo anatazama gwaride. Waliacha kusalimiana kwa wiki mbili, nami nikajilaumu kwa kuwagombanisha. Nikaja kupata picha ya pili, iliyopigwa kutoka upande wa juu. Miti ilikuwa miwili. Nikawapelekea. Yule wa kuni akasema, "Mimi nilisema."

Ukifika Iringa tenga asubuhi moja kwa Makumbusho ya Iringa Boma, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho 2016, na mchana kwa Kalenga. Nenda na wanao, lakini waache waulize wao. Makaburi ya vita ya mjini nayo yatakupa majina na tarehe kwenye mawe, Wajerumani na Waingereza wamelala ua mmoja. Kwa nyaraka za Mwingereza, vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika mambo ya kila eneo, itabidi uende kwenye Nyaraka za Taifa hapo hapo Dar, si mbali na unapokaa. Nenda ukiwa na swali moja. Ukienda na maswali kumi utarudi na vumbi.

Nimeiacha ya tatu mwisho kwa makusudi. Umeiandika "postikadi ya babu" na ukashangaa kwa nini haina stempu wala anwani, na kwa nini nyuma kumeandikwa Morogoro wakati babu ni mtu wa Iringa. Haikutumwa posta, mwanangu. Studio zilisafisha picha kwenye karatasi yenye mgongo wa postikadi kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiuzwa, ilikuwa ngumu na bei yake ya kawaida. Babu yako amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, koti limempwaya mabegani, na mkono wa kushoto ameukunja ili saa ionekane. Koti lile linaweza kuwa la studio. Saa pia. Watu wengi walipiga picha na saa ile ile.

Vijana wa Uhehe na Ubena walikwenda kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga kwa maelfu, walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba. Wa Unyakyusa wengi walikwenda hadi migodi ya Afrika Kusini kwa Wenela, shirika lililoajiri wachimba migodi, ndiyo maana ukiingia nyumba za Rungwe unakutana na picha za Johannesburg ukutani. Picha ilikuwa barua ya mtu anayetaka kuonekana kwao kwamba mambo ni mazuri. Alimpa anayerudi, akaifikisha kwa mkono. Kwa hiyo kadi hii haikuonyeshi Iringa hata kidogo, na bado katika zile tatu ndiyo ya Iringa kuliko zote. Boma lilipigwa kuwaonyesha watu wa Ujerumani. Barabara ilipigwa kuwauzia wapita njia. Hii ilipigwa ili itazamwe Kihesa.

Nimeukuza mgongo wake. Chini ya neno Morogoro kuna penseli iliyofifia ambayo naona hukuisoma, maana hukuitaja. Igeuze kwenye mwanga wa dirisha, iweke mshazari, usiiguse. Mimi nasoma hivi: "Nimefika. Ng'ombe yule asiuzwe."

Ukienda kwa shangazi, hiyo ndiyo ianze mezani. Muulize aliuzwa au hakuuzwa, na kama aliuzwa, ni nani aliyempeleka mnadani. Kisha niandikie.